Oili Nzito kwa Gari la Marehemu

Jumapili, 26 Januari

Siku mbaya. Imeanza mbaya, imeisha mbaya. Joto la kuchemsha ubongo, umeme umekatika, na Aidarus amekuja.

Aidarus ni mwanyumba wangu. Yeye kamuoa Rukaiya, dada mtu. Mie nimemuoa Naima, mdogo mtu. Yeye ana duka la vigae Tegeta na geti linalofunguka lenyewe. Mie ni dalali wa vyumba, na chumba ninacholala mwenyewe ni cha uani, kwa wakwe, hapa Tabata. Ndivyo Mungu alivyogawa. Lakini kila akija lazima atukumbushe. Leo amevua viatu mlangoni taratibu kabisa ili vionekane.

Tumekaa barazani, chini ya dirisha la Bi Mwanakombo, mama mkwe wetu. Mama yupo eda tangu Mzee Suleiman afariki. Hatoki nje, hajipambi, anavuta uradi na kusubiri siku zitimie. Zinatimia Alhamisi, tarehe sita. Basi sauti yake ikatoka nyuma ya pazia. Akasema siku hiyo akitoka tu anataka kwenda makaburini kumzuru marehemu, na anataka kwenda kwa gari la marehemu mwenyewe, kile kile ki-Vitz chake. Aliyelitunza ndiye atakayeendesha.

Moyo uliruka! Aliyelitunza ni nani kama si mie? Kila asubuhi tangu matanga yaanuliwe mie ndiye ninayeliwasha. Mama mwenyewe aliagiza liwashwe saa ile ile aliyokuwaga akiondoka Mzee kwenda sokoni Mabibo, alikokuwa akiuza viungo. Eti betri isife. Mzee alikuwa na taratibu zake. Analiwasha, analiacha lingurume, anarudi dirishani, Mama anampitishia kikombe cha chai katikati ya nondo, anakunywa kasimama, ndio anaondoka. Miaka nenda, miaka rudi.

Sasa Mzee hayupo na mirathi haijagawiwa. Kila mwenye akili anajua: atakayeonekana kwenye usukani siku hiyo, mbele ya mashangazi na majirani wote, gari limeshamkaa mkononi.

Kwa bahati mbaya Aidarus naye ana akili. Ameomba funguo, akaliwasha, akatega sikio kwenye boneti na kufumba macho. Kisha akatangaza kwa sauti ya kufika dirishani kwamba injini inagonga. Akaniuliza nimeweka oili gani. Mbele za watu! Nikamwambia oili nzuri. Akacheka. Akasema bora alipeleke Tegeta kwa fundi wake, atalirudisha likiwa jipya.

Likienda Tegeta halirudi hilo. Nimemwambia asijisumbue, mie nilishapanga kumwaga oili wiki hii hii. Sikuwa nimepanga kitu. Sijui hata oili inamwagwa kwa wapi.

Jumatatu, 27 Januari

Nimeliwasha asubuhi kama kawaida. Kikombe cha chai kilikuwa dirishani kama kawaida. Mama hukiweka kila siku, sijui kwa nini, labda mazoea. Nimepita. Mtu na mama mkwe wake kuna haya, halafu nina mambo kichwani.

Jambo lenyewe ni hili: oili gani? Kumbe oili zina namba! Nilidhani oili ni oili. Naima amefungua boneti, akasoma kwenye kifuniko cha kumiminia, akasema imeandikwa hapa 5W-30, nenda kanunue 5W-30, mambo yaishe. Wanawake wepesi sana wa kuridhika. Nimemweleza kwamba maandishi hayo yaliandikwa Japani, kwa watu wanaotembea kwenye theluji. Huku ni Dar. Januari. Ukiacha sukuma wiki kwenye boneti inaiva. Naima amesema Mzee aliweka hiyo hiyo maisha yake yote na gari halikuwahi kumsumbua. Nimemwambia Mungu amrehemu Mzee, hakuwa mtafiti.

Nimekwenda kijiweni kwa wanywa kahawa kufanya utafiti. Nimejuta. Mmoja anasema nzito, kwa sababu ya joto. Mwingine anasema nyepesi, kwa sababu ya foleni. Wa tatu hana gari, hajawahi kuwa nalo, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mmoja ametaka kumpiga mwenziwe na kikombe. Nimelipia kahawa za watu wote na nimetoka sijui zaidi ya nilivyoingia.

Nimeamua mwenyewe. 20W-50. Hamsini ni kubwa kuliko thelathini, hata mtoto wa chekechea anajua hilo. Na uji mzito ndio unaoshibisha. Aidarus akiuliza nimeweka oili gani nitamjibu kwa kifua mbele: hamsini!

Jumanne, 28 Januari

Nimepita kwa fundi Kasiani, mwenye gereji ya jirani hapa, kumuuliza kama oili nzito inafaa. Akasema ukitaka inafaa. Nikamuuliza kama haifai. Akasema ukitaka haifai. Mteja ni bosi, amesema, huku anakula muhogo. Ameniambia pia wapo wanaoiosha injini kwa dizeli kabla ya kuweka oili mpya. Nikamuuliza kama ni vizuri. Akasema wapo wanaofanya.

Basi! Injini ya Mzee ina uchafu wa miaka. Nitaiosha. Na nitaiosha mwenyewe, hapo hapo chini ya dirisha la Mama, asikie ninavyohangaikia mali ya mumewe. Kwa Kasiani nani angeniona?

Nimelala chini ya gari mpaka alasiri. Nimeguna kwa sauti. Nimesema "Ya Allah" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bolti ilipolegea oili yote imenimwagikia shingoni, iliyobaki imekwenda kwenye kanga za Naima alizozianika. Nimetia dizeli, nimeliwasha, nimeliacha lizunguke nayo. Imetoka nyeusi tititi. Furaha niliyopata! Uchafu wote huo Mzee alikuwa anatembea nao!

Kisha nikamimina hamsini. Imeingia pole pole, inajivuta. Nimewasha. Kimya. Injini imetulia, haisikiki. Aidarus eti inagonga! Mwenye wivu ajinyonge.

Naima hasemi na mie kwa sababu ya kanga.

Jumatano, 29 Januari

Mama amemtuma Naima aniulize gari limefanywa nini. Anasema limebadilika sauti. Anasema zamani lilikuwa likiwaka linasema naye, sasa linaguna tu, kama mtu mwenye makohozi. Nimemjibu kwamba hiyo ndiyo sauti ya afya.

Lakini hapa kwenye daftari langu niseme kweli. Asubuhi limekataa kuwaka upesi. Na lilipowaka, kwenye dashibodi kuna taa nyekundu imebaki. Ina picha ya birika linalodondosha tone. Nimedhani inakumbusha chai. Nimeuliza kijiweni, wakaniambia ni taa ya oili.

Imenishangaza. Oili ipo! Mie mwenyewe nimeimimina, imejaa! Taa haina adabu. Haijazoea hamsini, imezoea thelathini. Itazoea.

Jioni ilikuwa bado inawaka na inaniudhi. Nimebandika plasta ya kidonda juu yake. Haionekani tena.

Ijumaa, 31 Januari

Baada ya swala ya Ijumaa Aidarus kaja tena. Mkononi kopo la oili, jipya, linang'aa, 5W-30, lile la ghali. Ameliweka barazani katikati, pale ambapo Mama akichungulia kwenye pazia analiona. Akasema ni hadiya kwa gari la Mzee. Mama akamwombea dua ndefu kutoka ndani. Nilisimama pale mikono mitupu naitikia amina kwa dua ya mtu mwingine. Roho imeniuma, sitaki kuficha.

Alipoondoka Naima akasema sasa toa hiyo yako weka hii. Nimekataa. Gari likienda makaburini na oili ya Aidarus, si itakuwa Aidarus ndiye kalitunza? Naima akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaingia ndani.

Nimefikiri sana. Nimepata njia ya katikati. Nimechukua ile ya Aidarus nikaiongeza juu ya ile yangu. Sasa mtu akiniuliza kama nimeitumia hadiya, naweza kuapa. Na thelathini na hamsini ndani ya injini moja, hiyo ni themanini! Hakuna Vitz Tabata nzima yenye themanini.

Nimewasha. Moshi wa bluu umetoka mpaka sikuona ukuta. Umeingia dirishani kwa Mama. Amekohoa sana masikini. Nimempigia kelele kwamba ni udi wa gari.

Jumamosi, 1 Februari

Sijui niandikeje.

Naima alihitaji hiliki na bizari kwa ajili ya pilau la siku ya Mama kutoka eda. Nikasema twende Mabibo kwa gari, tulifanyie majaribio. Tumetoka vizuri. Nilipunga mkono kijiweni. Hata yule asiye na gari alinipungia.

Kabla hatujafika sokoni ikaanza kelele. Mwanzo ndogo, kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Naima akauliza nini hicho. Nikaongeza sauti ya redio. Mgongaji akakosa adabu. Akagonga kwa nyundo. Naima akabandua ile plasta, akaiona taa, akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku ya posa. Nikamwambia tunakaribia. Hapo hapo ndani ya injini kitu kikalia kwa nguvu, usukani ukawa mzito, gari likasimama katikati ya mikokoteni ya ndizi.

Yakafuata matusi ya wenye mikokoteni.

Tumevutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Kasiani kaja, kachomoa kijiti cha kupimia, kakinusa, kakichomeka tena. Akafungua bolti ya chini. Oili iliyotoka ilikuwa inametameta vipande vya chuma. Injini imenoki, amesema. Imekufa. Nikamuuliza kama ni ile oili. Akasema ukitaka ni oili.

Ng'ombe wa maskini hazai! Mzee kaliendesha miaka yote na halikumfia. Mie nimelitia oili siku chache tu.

Tumelisukuma nyuma ya choo, nikalifunika turubai. Naima amekaa kwenye ngazi analia, hafuti machozi. Ameniambia lile gari ndilo kitu pekee cha baba yake kilichokuwa bado kinatoa sauti. Nimekwenda kukaza kamba za turubai.

Baadaye nimewaza. Mama yupo eda. Hatoki nje. Nyuma ya choo hawezi kuona!

Jumapili, 2 Februari

Asubuhi kimya. Mama ameuliza dirishani mbona gari halijawashwa. Nimesema linapumzika, oili inatulia. Kikombe kilikuwepo, kinafuka moshi. Nimepita upande wa pili nisikione.

Naima kasema yeye hamdanganyi mama yake. Akiulizwa atasema kweli. Nimemwomba Mungu asiulizwe.

Jumatatu, 3 Februari

Akili ni mali! Jirani yetu Brightson, mtu wa Rombo, ana Vitz. Ya rangi ya fedha kama ya Mzee. Umri mmoja, sura moja. Nimemwomba aniazime dakika chache tu kila asubuhi mpaka Alhamisi, nami nitamwoshea. Akauliza nalipeleka wapi. Nikasema chini ya dirisha. Amenitazama, kisha akanipa funguo. Watu wa bara wana huruma.

Nimeliingiza uani likiwa limezimwa, tunalisukuma mie na Brightson. Saa ile ile ya Mzee nikawasha.

Loh! Redio ikawaka nayo. Kwaya! Sauti ya mwisho! Ngoma, kinanda, haleluya, chini ya dirisha la mwanamke wa Kiislamu aliye eda! Nimebonyeza kila kitufe. Vifuta mvua vikaanza kufuta, honi ikalia, kwaya ikaendelea na ubeti wa pili. Nilipopata cha kuzimia jasho lilikuwa linatiririka.

Pazia halikutikisika. Baadaye Mama kasema, kwa upole, mkwe wangu, chai hii hapa. Nimemwambia ahsante Mama, nina haraka. Na kweli nilikuwa na haraka, Brightson alikuwa nje ya geti anaangalia saa yake.

Lakini hakusema neno juu ya gari. Ameamini!

Jumanne, 4 Februari

Leo kwaya hamna, nimechomoa redio kabisa. Nimewasha, nimeliacha lingurume kama Mzee. Mama akaita. Akasema tu mkanda unalia, ukazwe.

Basi! Kama angejua si la Mzee, angehangaika na mkanda wake? Nimepeleka gari la Brightson kwa Kasiani mwenyewe nikalikaza mkanda. Brightson amefurahi sana. Nimekuwa fundi wa gari la watu huku la kwetu limelala chini ya turubai.

Aidarus kapiga simu, anauliza hali ya gari. Nimesema halijawahi kuwa vile. Hilo si uongo.

Jumatano, 5 Februari

Mipango ya kesho imekamilika. Nimefungua namba za gari za Mzee nikazifunga kwenye la Brightson. Kioo cha nyuma kina stika kubwa ya kwaya ya parokia, nimeifunika na kanga ya Naima, ile yenye madoa ya oili. Rozari ya kwenye kioo cha mbele nimeitia mfukoni. Siti za Brightson ni nyekundu na za Mzee zilikuwa kijivu, lakini mwanamke aliyekaa ndani miezi yote hii atakumbuka rangi ya siti?

Naima amekaa na mie kitandani akaniuliza kwa nini nisiende tu nikamwambie. Nikamuuliza nimwambie nini. Akasema ukweli. Nimemwambia ukweli utasubiri, Alhamisi haisubiri.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekaa nyuma ya choo kuandika. Hakuna anayenitafuta.

Asubuhi nyumba ilijaa wanawake. Walimwogesha Mama, wakamfukiza udi, wakamvika nguo mpya. Nguo za eda zikatolewa sadaka. Vigelegele. Mashangazi wote, majirani wote, Rukaiya na dhahabu zake, Aidarus na kanzu inayokaribia kuongea. Mie nimevaa kofia yangu ya Idi, nimesimama kando ya gari nimeshika mlango. Nilipendeza. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema.

Mama akatoka. Kakonda. Sikujua kwamba kakonda. Jua lilimpiga usoni akasimama kidogo, ameshika nguzo. Nikafungua mlango wa gari.

Akanipita.

Akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya choo, wanawake wote nyuma yake, akamwambia Naima afunue turubai. Naima akafunua. Likaonekana. Vumbi, namba hamna, paka amezaa juu ya boneti. Aidarus akafungua mdomo, Mama akamwinulia kiganja, akaufunga. Kisha akafungua mlango wa abiria, akakaa pale alipokuwaga akikaa, akashika dashibodi. Alikaa sana. Mashangazi wakaanza kulia.

Akaniita. Nilikwenda nikainama mlangoni. Nikasema shikamoo Mama. Akaitikia marahaba. Akasema alijua tangu ile Jumatatu, na lilipo alimuuliza Naima, akaambiwa. Amesema ngurumo ya gari la mumewe ameisikia kila alfajiri ya uzee wake, na mumewe hakuwa na kwaya. Nikaanza kusema Mama, ni dizeli. Akasema injini si hoja. Aliyekuwa akiiwasha kafa, nayo imekufa, hakuna kilichoandikiwa kubaki.

Kilichomuuma, amesema, ni chai. Kila asubuhi amechemsha chai akaiweka dirishani, na kila asubuhi ameimwaga. Betri ilikuwa kisingizio. Alitaka saa ile mtu aje pale dirishani asimame, anywe, aseme lolote, aondoke. Ile ndiyo saa iliyokuwa nzito kwake ndani. Mie nilikuwa nasikika pale nje, hatua mbili, naongea na gari.

Nimejisikia vibaya. Naandika hivyo hivyo: nimejisikia vibaya.

Makaburini tumekwenda na gari la Aidarus. Nimekaa nyuma, nimepakata sufuria ya pilau la sadaka. Lilikuwa la moto. Hakuna aliyeniuliza kama naungua. Brightson kaja jioni kudai rozari yake na namba zake za gari, mbele ya wageni.

Ijumaa, 7 Februari

Sikulala. Nimewaza makosa yangu yote na nimeyaona. Dizeli ile ilikuwa mbovu. Nilinunua kwenye kidumu barabarani, lazima ilichanganywa maji. Ningenunua kituoni yasingetokea haya.

Lakini mambo yamegeuka! Mama ametuita wote sebuleni. Gari la Mzee litabaki pale pale, haligawiwi, liwe kiti chake. Kila Ijumaa anataka kwenda makaburini. Aidarus akasema Ijumaa dukani kwake hapakaliki, ataacha gari lake dogo hapa Tabata kila Alhamisi, jipya lile, linaloongea Kijapani ukiliwasha. Nani ataendesha? Kila mtu akaangalia vidole vyake vya miguu.

Mama akasema Mwinshehe ataendesha.

Mie! Rukaiya kaguna. Aidarus katabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mama akasema kuna vikombe vingi vya chai ninavyodaiwa, na atakuwa ananipa kimoja kimoja kila asubuhi mpaka viishe. Naima akanifinya mkono, mara ya kwanza tangu yale ya kanga. Nimeapa mbele ya wote kwamba chai hiyo nitainywa.

Alhamisi, 13 Februari

Gari la Aidarus limefika asubuhi. Dogo, jeupe, linanukia ndani. Aliyelileta kasema Aidarus anasisitiza nisiguse kitu, niwashe tu, niendeshe tu. Dharau hizo! Gari la kumbeba Mama kesho, mie dereva wake, nisilikague?

Nimelikagua. Nimechomoa kijiti. Astaghfirullah! Oili nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nimesoma kifuniko: 0W-20. Ishirini! Sifuri! Mtu ana duka zima la vigae na anaendesha gari kwa sifuri! Nikiliacha hivi litatufia njiani, Mama akiwa ndani, na lawama nani atabeba? Mie. Siwezi kukubali Mama naye asimamishwe katikati ya barabara.

Bahati nzuri, ile hamsini ilibaki nusu kopo. Na safari hii dizeli nimenunua kituoni, safi kabisa.

Nimekaa chini ubavuni mwa gari, naandikia gotini. Oili ya Aidarus inachuruzika kwenye beseni, haina rangi, haina nguvu, aibu tupu. Mama ameniita dirishani mapema akanipa kikombe mkononi mwenyewe, chai ya hiliki na tangawizi, ile ya Mzee. Nimekipokea kwa mikono miwili. Nimekiweka juu ya paa la gari ili nimalizie bolti kwanza. Nadhani imepoa sasa, maana nzi wanazunguka.

Mama anauliza kutoka dirishani kama nimekunywa. Nimemjibu kwa sauti, kutoka huku chini, kwamba nimekunywa, Mama, tamu sana.